Rimatisme inayonyima watu usingizi

Mgonjwa wa rimatisme ya kuvimba viungo anapokosa usingizi, nyumbani wanasema ni baridi ao mawazo ya vita. Mara nyingi ni ugonjwa wenyewe: uvimbe unazidi kuelekea alfajiri, na asubuhi vidole vinakakamaa saa nzima ao zaidi. Kisha kukosa usingizi kunaongeza maumivu.

Wengi wanakimbilia farmasi, wanauziwa deksametazone bila karatasi ya munganga. Inatuliza, kweli, lakini ikimezwa magharibi inafukuza usingizi, na ikizoeleka inadhoofisha mifupa. Aliyeizoea asiikate ghafla.

Metotreksate, inayozuia viungo kuharibika, inataka munganga na vipimo vya damu. Vita ilipofunga kiwanja cha ndege na mabenki ya Goma mwaka 2025, njia hiyo ilizidi kuwa ndefu. Hata anayefika kwa munganga anataja magoti tu. Aseme pia usiku anaamka mara ngapi.