Inyasi Hakuwa Jemadari

Kila ifikapo tarehe 31 Julai, Wajesuiti wanapomkumbuka mwanzilishi wao, hakosi kutokea mtu wa kutueleza kwamba Inyasi wa Loyola alikuwa jemadari, aliunda jeshi la Papa ili awamalize Waprotestanti, na kila anayejiunga nalo hula kiapo cha siri. Hadithi tamu: ina vita, ina njama, ina adui. Lakini inamchora mtu aliyejua tangu mwanzo anakokwenda, ilhali mipango mikubwa ya Inyasi ilimvunjikia mmoja baada ya mwingine.

Tuanze na ujemadari. Alizaliwa mwaka 1491 katika ukoo wa makabaila wa Kibaski. Ujana wake aliutumia nyumbani kwa Juan Velázquez de Cuéllar, mweka hazina wa ufalme wa Castilla, akijifunza adabu za ikulu na kupenda mavazi ya fahari. Mwaka 1515 alishtakiwa kwao Azpeitia kwa fujo za usiku. Baadaye akawa mtumishi wa mtawala wa Navarra, na ndivyo alivyojikuta kwenye ngome ya Pamplona Wafaransa walipoishambulia Mei 1521. Ni kweli kwamba aliwahimiza wenzake wasisalimu amri. Risasi ya mzinga ikamvunja mguu wa kulia na kuujeruhi wa kushoto, na uaskari wake ukaishia hapo. Kuongoza jeshi hakuwahi. Kinachomweleza zaidi ni yaliyotokea kitandani: mguu ulipounga huku mfupa umechomoza, alitaka mfupa huo ukatwe kwa msumeno, na wakati huo ganzi haikuwapo, kisa buti zimkae vizuri.

Dai la pili ndilo lenye mashabiki wengi: kwamba shirika lilianzishwa kumpiga vita Luther. Basi tufuate safari yake. Baada ya kuongoka akiuguza mguu ule, alichotaka ni Yerusalemu. Alifika huko mwaka 1523 akidhamiria kubaki maisha yake yote; Wafransisko waliotunza mahali patakatifu wakamwamuru aondoke, la sivyo wangemtenga na Kanisa. Akarudi Barcelona, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, akajifunza Kilatini pamoja na watoto. Alipofika chuo kikuu cha Paris alishiriki chumba na Pierre Favre na Francisco Xavier. Tarehe 15 Agosti 1534 watu saba, yeye akiwemo, waliweka nadhiri Montmartre: kuishi katika ufukara na kwenda Yerusalemu. Safari ikishindikana, wangejiweka mikononi mwa Papa awatume anakotaka. Vita dhidi ya Luther havikuwa sehemu ya nadhiri ile.

Safari ikashindikana kweli. Mwaka 1537 walisubiri meli Venice bila mafanikio, kwa kuwa vita na Waturuki vilikuwa vimefunga bahari. Ndipo wakaelekea Roma, na mwaka 1540 Papa Paulo III akaliidhinisha shirika kwa hati. Hati ile ya kwanza inataja kueneza imani na kuwafundisha watoto. Kutetea imani kuliongezwa katika hati ya 1550, miaka kumi baadaye. Xavier alitumwa mashariki, akatia nanga Malindi mwaka 1542. Katika barua yake anamtaja mheshimiwa mmoja Mwislamu wa pale aliyelalamika kwamba kati ya misikiti kumi na saba ya mji ni mitatu tu iliyokuwa bado na waumini. Katika mazungumzo hayo Wittenberg, mji wa Luther, haumo kabisa. Nakubali kwamba Wajesuiti kama Petrus Canisius walishindana sana na Waprotestanti Ujerumani, na Inyasi mwenyewe aliwaunga mkono. Hiyo ni kazi iliyowakuta njiani.

Wapo pia wanaomfanya mshirika wa wachunguzi wa imani wa Hispania. Hawa wangeanza kwa kuwauliza wakuu wa Kanisa wa Alcalá, waliomfunga siku 42, na wa Salamanca, siku 22. Kosa lake lilikuwa kuwafundisha watu sala bila kuwa na shahada ya teolojia.

Kiapo cha siri hakihitaji maneno mengi. Matini zake zilisambazwa na wapinzani wa Ukatoliki, na nadhiri halisi, pamoja na ile ya kumtii Papa kuhusu utume, zimeandikwa wazi katika Katiba ya shirika. Na kama Wajesuiti ndio wanaomwendesha Papa, mwaka 1773 Klementi XIV alilivunjaje shirika lao, likakaa miaka arobaini na moja kabla ya kurudishwa?

Hata hivyo kuna dai moja ambalo siwezi kulitupa: kwamba alidai utii wa kupita kiasi. Ni yeye aliyeandika kwamba mtii awe kama maiti, inayobebwa popote. Maneno hayo yananikwaza, na waliokwazwa nayo kabla yangu sioni sababu ya kuwalaumu. Ila haohao wasome na yaliyobaki: utii ule una mpaka pale penye dhambi, na mtawa aliruhusiwa, akishasali, kumweleza mkubwa wake kwa nini anaona vingine. Aliacha barua karibu elfu saba, na katika nyingi anawapa waliotumwa mbali maagizo marefu, kisha anawaambia wayabadilishe wakiona hali ya huko inadai hivyo.