Wanagonja, nakala ikae nyumba nyingine

Ndugu zangu wa Gonja, wa Maore na wa Bombo, nawaita hasa nyinyi makatibu wa vikoba, wenye steshenari na mnaotunza madaftari ya usharika kwenye kompyuta.

Kompyuta nyingi za mezani, hata za mtumba, zina reidi, yaani mfumo wa kuunganisha diski, ndani ya mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Fundi hufunga diski mbili, akawasha reidi kwenye baiosi, na tangu hapo kila unachoandika huandikwa kote kuwili. Diski moja ikifa, nyingine inaendelea. Hilo ni kweli, lakini muuzaji huishia hapo.

Reidi hiyo haijitegemei. Kazi yake hufanywa na prosesa ile ile ya kompyuta, na diski hupangwa kwa mtindo wa mtengenezaji wa mazabodi. Umeme ukirudi kwa kishindo mazabodi ikaungua, diski nzima kabisa zinaweza kukataa kusomeka kwenye mashine ya aina nyingine. Utazunguka Same hadi Moshi ukitafuta mazabodi iliyokwisha kuacha kutengenezwa. Hata kibetri cha CR2032 kikiisha, baiosi inaweza kusahau mipangilio, reidi ikazimika, na asiyejua akabonyeza fomati.

Wapare tunazijua ndiva, mabwawa yetu ya kumwagilia. Ndiva ikibomoka, kuwa na mifereji miwili hakukusaidii kitu; mazabodi ndiyo ndiva, diski ndizo mifereji.

Tena, reidi hunakili hata makosa. Futa jina la mwanachama kwa bahati mbaya, limefutika pande zote mbili papo hapo. Kirusi ni vivyo hivyo, na mwizi akibeba kompyuta amebeba zote. Ile reidi sifuri inayosifiwa kwa kasi ndiyo msiiguse kabisa: hukata faili vipande na kuvigawa kati ya diski, ikifa diski moja vyote vimekwenda.

Basi, nakilini kwanza kila kitu, ndipo fundi azime reidi. Diski ya pili itieni kwenye kasha la USB. Kila wiki ichomekeni, nakilini, chomoeni, ikalale kwa mweka hazina. Mwenye kazi isiyoweza kusimama hata saa moja atumie reidi ya Linux, ambayo diski zake huhamishika kwenda mashine nyingine yenye Linux bila kutafuta mazabodi pacha.

Nanyi vijana mnaokuja nyumbani Desemba, kaeni na katibu wa kikoba cha mama zenu. Fungueni ile nakala mbele yake, mhakikishe inasomeka.