Sinema Isiyokuwa na Paa

Kila inapojadiliwa historia ya sinema zetu, macho huelekezwa kwenye majengo. Huombolezwa Shan ya Ngara, Nairobi, iliyogeuzwa kuwa Sarakasi Dome, na Majestic ya Zanzibar iliyojengwa 1955. Sotik haitajwi. Je, ndiyo kusema watu wa nchi ya chai hawakuwa na sinema?

La hasha! Sinema iliyowafikia watu wengi wa mashambani ilikuja kwa gari. Kitambaa cheupe kilitundikwa uwanjani, giza likaingia, picha zikaanza. Asubuhi hapakubaki chochote isipokuwa nyasi zilizokanyagwa, na ndiyo sababu imesahaulika kwa urahisi.

Utaratibu huo una mizizi mirefu. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa majaribio uliokuwa Vugiri, Usambara, ulitengeneza filamu na kuzizungusha Afrika Mashariki, maelezo yakitoka kwenye sahani za santuri. Mwaka 1939 Uingereza iliunda kitengo cha filamu cha makoloni, ambacho wakuu wake waliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika upesi. Kwa hiyo mfasiri mwenye kipaza sauti akapewa nafasi kubwa. Kilichoanza kwa dharau kikazaa sanaa: DJ Afro amejipatia umaarufu nchini Kenya kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mtaani.

Kwa mwanaisimu, hapa ndipo penye uzito. Sotik inapakana na nchi ya Wagusii, na mashamba ya chai yamekusanya Wakipsigis, Waluo, Waluhya na wengineo. Mbele ya umati kama huo, kuchagua lugha ni kuamua nani ataelewa na nani ataachwa nje. Machafuko ya 2008 kwenye mpaka wa Sotik na Borabu yalitukumbusha kwamba mahali pa majirani kucheka pamoja si anasa.

Walimu, mtaala wa umilisi unawataka wanafunzi wajifunze kutoka kwa jamii. Basi watumeni kwa wazee wakaulize: mfasiri alisema lugha gani? Shujaa wa filamu aliitwaje? Nani aliketi karibu na nani? Jengo likibomolewa huacha picha na hati. Sinema ya uwanjani imeacha mashahidi pekee, nao wanazidi kupungua.