Mafundi, dumu zima la oili la nini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaulize mafundi wa gereji: kwa nini kila gari likibadilishwa oili lazima dumu la lita 4 limalizwe?

Injini ya petroli ya Probox ya cc 1500, kama ile inayotubebea wagonjwa hapa kijijini, huchukua lita 3.7 ukibadilisha na filta, au 3.4 filta ikiachwa. Mwezi uliopita fundi mmoja aliacha filta ya zamani, akamimina dumu lote. Nilipomwuliza alijibu kuwa akibakiza, mwenye gari atasema ameibiwa. (Kweli, wenye magari nao hushuku mno.) Lakini oili ikizidi, krenki huweza kuipiga hadi ikawa povu, na povu halilainishi vyuma ipasavyo, sili nazo huweza kuvuja. Gari hilo likizimika usiku na mama mjamzito ndani, nani ataulizwa?

Kijiti cha kupimia kipo. Gari lisimame mahali tambarare, injini izimwe dakika chache, kijiti kifutwe, kirudishwe, kisomwe. Oili isipite alama ya juu. Inayobaki akabidhiwe mwenye gari ndani ya dumu lake.

Mwalimu wa Shule ya Msingi