Utafiti wa wagonjwa mahututi nao uvuke mpaka

Mfanyabiashara anayevuka Busia au Namanga na mtoto mgongoni anajua homa haisubiri foleni ya mpakani. Mtoto akizidiwa, hutibiwa hospitali iliyo karibu, upande wowote.

Kwa miaka mingi, mtoto mahututi kwa homa, damu ikizunguka kwa shida, alitundikiwa dripu ya haraka. Ndivyo miongozo ilivyoelekeza. Watafiti wakalipima jambo hilo kwa watoto 3,141 nchini Kenya, Uganda na Tanzania, zikiwamo hospitali za Kilifi, Mbale na Muheza. Wenye kuharisha hawakuhusishwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalishtua: ndani ya saa 48 walifariki takriban 11 katika kila 100 waliopewa dripu ya haraka, na 7 katika kila 100 ambao hawakupewa.

Hakuna hospitali moja ambayo ingepata jibu hilo peke yake. Hata hivyo, fedha zilitoka Uingereza. Jumuiya yetu ina ushuru wa forodha wa pamoja. Kodi tunazolipa mpakani zichangie pia mfuko wa pamoja wa utafiti wa wagonjwa mahututi, na majibu yake yamfikie muuguzi wa hospitali ya mpakani.