Wacheni Kuanza Einstein na Treni

Manze, nani aliamua relativiti lazima ianze na treni inayokaribia kasi ya mwanga? Nani ashawahi kuipanda? Halafu tukikwama tunaambiwa fizikia si yetu.

Einstein mwenyewe, 1905, alifungua na sumaku na koili. Zote ziko maabara ya shule. Sukuma sumaku kwa koili, mshale wa mita unacheza. Sasa tuliza sumaku, sogeza koili kwa kasi ileile: mshale unacheza vilevile. Lakini nadharia ya wakati huo ilikuwa na maelezo mawili tofauti, sumaku ikisonga na waya ukisonga. Jamaa akakataa: cha maana ni mwendo kati yao tu. Ongeza kwamba kasi ya mwanga haibadiliki, relativiti ndio hiyo.

Walimu, leteni sumaku. Hatukuwa wajinga, tulianzishiwa mbali.