Nahodha Alipokata Tamaa

Katika homilia za ndoa tumezoea kusikia kwamba nyumba ni jahazi, mume ni nahodha na mke ni msaidizi wake. Wengi tunaopenda mfano huo hatujawahi kulala baharini hata usiku mmoja. Wapo mume na mke waliolala huko, na habari zao zinautia mfano huo mashakani.

Maurice na Maralyn Bailey wa Uingereza waliuza nyumba yao, wakapata mashua ya tanga, wakaiita Auralyn, jina lililounganisha majina yao mawili. Mwaka 1972 walianza safari ya kwenda kufanya makao mapya New Zealand, wakipitia visiwa vya Pasifiki. Maurice alikuwa nahodha kwelikweli. Ndiye aliyejua kupima njia kwa jua na nyota, na ndiye aliyekataa wasichukue redio ya kuitia msaada, asije akasumbuliwa na ulimwengu. Maralyn hakujua hata kuogelea.

Alfajiri ya tarehe 4 Machi 1973, wakielekea visiwa vya Galápagos, nyangumi aliitoboa mashua yao. Ilizama kabla ya saa moja kwisha. Wakabaki na boya la mpira na kimashua kidogo, wakaelea karibu miezi minne.

Unahodha uliishia hapo. Maurice alikata tamaa, na baadaye alikiri mwenyewe kwamba bila mkewe asingepona. Maralyn ndiye aliyegawa chakula, akapinda pini kuwa ndoana, akatengeneza karata za karatasi ili wacheze. Tena (hapa ndipo ninapomstaajabia) alipanga mashua watakayounda wakiokoka na vyakula atakavyopika humo, huku wakila nyama mbichi ya kasa. Meli saba zilipita zikawaacha. Ya nane, ya wavuvi wa Korea, iliwaokoa tarehe 30 Juni.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, akitetea ndoa isiyovunjika katika kitabu cha tatu cha Summa Contra Gentiles, anauita urafiki wa mume na mke mkubwa kuliko wote. Ni kweli, kwingineko anampa mume utawala wa nyumba, na mwenzangu mmoja darasani hachoki kunikumbusha. Lakini rafiki unaweza kumwambia kwamba unaogopa. Nahodha hamwambii hivyo baharia wake.

Ndiyo maana yupo baba anayeachishwa kazi, akaendelea kuvaa shati kila asubuhi na kutoka, mkewe asijue. Tumemfundisha nani kwamba haruhusiwi kutetereka, kama si sisi? Hata Waefeso 5 huwa tunaanza kuisoma mstari wa 22, tukauruka wa 21 unaowataka wote wawili watiiane.

Ningependa katika mafundisho ya ndoa wachumba waulizwe mbele ya wenzao: siku mume akishindwa, mke atajuaje? Na wanaouliza wawe wanandoa wa jumuiya, si sisi mafrateri.